Wimbo wa Koko kwenye Ngazi za Buffalo

Aline, na ninyi wengine mliobaki Louisville, mmeniuliza safari ilikuwaje, na kila aliyeuliza nilimjibu "ilikuwa sawa" huku naangalia viatu vyangu. Mnanijua. Mtu akiniuliza kitu mbele ya watu, jibu langu linakuja baadaye sana, nikiwa peke yangu bafuni. Donc, basi, nimekaa niandike. Mambo ya kukodi gari nayaruka, hayana utamu.

Kwanza mjue tulikwenda kufanya nini. Koko, yaani mama yake mama yangu, bado yuko kambini Burundi. Kule ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kanisani. Kuna wimbo mmoja aliutunga mwenyewe wakati watu wetu waliposhuka kutoka milimani, ule wa "Tulitoka bila taa", na kwaya yetu inauimba mpaka leo. Mwaka huu Koko alituma neno: niimbieni wimbo wangu, mnitumie. Papa Zakaria, mlezi wa kwaya, akasema hatuwezi kumtumia mama mzee kama yule wimbo uliorekodiwa kwenye parking ya mtaani kwetu Highview, nyuma yetu mapipa ya takataka. Tutafanya klipu. Tutasimama mahali penye heshima, penye ngazi na nguzo, kama kwaya kubwa zinavyosimama. Mama mdogo Espérance, mdogo wake mama, ambaye alitoka kambini mwaka jana akapelekwa Buffalo, alisema kwao majumba ya namna hiyo yamejaa. Ndiyo maana ikawa Buffalo.

Aliyepaswa kuanzisha wimbo ni Jeannine. Mnamkumbuka, alihamia Columbus. Tungempitia njiani. Kazi yangu mimi ilikuwa kusimama safu ya nyuma na kuitikia. Safu ya nyuma ndiyo kwangu.

Highview, Shively, halafu Shively tena

Papa Zakaria alisema tunaondoka alfajiri. Mama akaamka kabla ya kuku wa Burundi, akakaanga mayai, akapanga chapati kwenye karai, akafunga sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa ndani ya gazeti na taulo kwa ajili ya Mama mdogo. Nilimwambia Buffalo kuna maduka ya Waafrika, sombe ipo. Akasema sombe ya dukani haina mkono wa mtu.

Alfajiri ikaja, ikapita. Papa Zakaria alikuwa bado kwake Shively anapiga pasi suti yake, maana hamwamini mtu mwingine na ile mikunjo ya suruali. Alipofika na gari kubwa la kukodi, jua lilikuwa limeshapanda, na sisi tulikuwa tumekaa juu ya mabegi nje ya nyumba kama watu waliofukuzwa. Tukaomba. Tukapanda. Tulipofika kwenye daraja la mto Ohio, mama akauliza kwa upole ngoma iko gari gani.

Gari lilikuwa moja tu. Ngoma ilikuwa Shively, imesimama mlangoni kwa Papa Zakaria, imevalishwa shuka lake.

Tukarudi. Papa Zakaria mwenyewe akasema hata wana wa Israeli walizunguka, na wao hawakuwa na pasi. Hapo gari zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Ndivyo alivyo. Anaweza kukuchelewesha nusu siku na bado ukamhurumia.

Columbus, wali na ndizi

Columbus tulifika na njaa. Kevo alitupangia tukutane kwenye mgahawa wa Wasomali. Kevo ni kijana Mkenya, ndiye anayepiga video za harusi za Waafrika wengi pale Ohio, na ndiye tuliyemlipa atupigie klipu. Mhudumu alikuwa ameishi Nairobi zamani, Kiswahili chake kilitoka haraka haraka kama anasoma bei. Akaleta sinia za wali na nyama ya mbuzi, na juu ya kila sinia ndizi mbivu, nzima, haijamenywa.

Sisi tukaziweka ndizi pembeni. Tulidhani ni za baadaye, kama tunda. Mhudumu akapita, akaona, akauliza kama ndizi ni mbaya. Papa Zakaria akasema apana, ni nzuri, tunazitunza. Mhudumu akaleta nyingine. Tukazitunza nazo. Akaja mwenyewe, akachukua ndizi moja, akaimenya, akaikatakata juu ya wali wa Papa Zakaria na kumwambia, "Mzee, pamoja. Kwa mkupuo mmoja." Papa Zakaria akatafuna muda mrefu, sote tunamtazama. Halafu akavuta sinia karibu yake na hakuongea tena mpaka ikaisha. Jamani, jaribuni. Mimi sasa nakula wali na ndizi hata nyumbani, mama anafumba macho.

Jeannine alitukuta kwenye parking tukiwa tunatoka. Hakuwa na begi. Alikuwa amevaa fulana ya kung'aa ya kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ghalani kwao wametangaza ovataimu ya lazima, ni mgeni pale, asipoonekana jioni ile basi Jumatatu asirudi. Alikuwa amekuja mapumzikoni kutuambia uso kwa uso, kwa sababu kwa simu angelia.

Papa Zakaria alivua kofia, akaivaa tena. "Bon. Nani ataanzisha?"

Kina mama wakaanza kutajana. Huyu ana mafua, huyu sauti yake ni ya kuitikia tu. Jeannine hakuwasikiliza. Alikuja mpaka kwangu, nilikuwa nyuma ya mlango wa gari, akanishika shavu.

"Ni Solange. Mimi ninaimba huu wimbo kwa namna yangu. Huyu alilala kitanda kimoja na Koko miaka yote ya kambi. Anajua vile Koko mwenyewe anaanza."

Ni kweli. Koko huanza chini sana, chini mpaka watu wageni wanadhani amekosea, halafu wimbo unapanda polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Najua kila pumzi yake. Lakini kujua na kufungua mdomo mbele ya watu ni mambo mawili. Nilimtazama mama aniokoe. Mama akasema tu, "Kama ni kwa ajili ya Koko," na akaingia garini. Niliona kwamba nisipoanzisha, hakuna wimbo, na Koko atangoja tena, na Koko ni mzee.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni mashamba, mashamba, kisha mashamba. Kevo alilala na kamera mapajani kama mtoto. Mimi nilifanya mazoezi midomo ikiwa imefungwa.

Riverside, simu zote zizimwe

Mama mdogo anakaa Riverside, mtaa wa nyumba za mbao karibu kabisa na mto Niagara. Ng'ambo ya mto ni Kanada. Hilo sisi hatukulifikiria. Tulikuwa tunatafuta barabara yake jua likielekea kushuka, mara simu ya Papa Zakaria ikalia, akanipa nisome. Nikasoma: karibu Kanada.

Aliweka breki, chapati zikaruka. Akasema tumevuka mpaka bila kujua. Mama akasema hatujaona daraja. Papa Zakaria akasema siku hizi mipaka haina kelele. Tumeshakimbia nchi moja maishani, akasema, haiwezekani tukimbie na hii kwa bahati mbaya. Akaamuru simu zote zizimwe, tusionekane. Kevo akajaribu kueleza kwamba ni mtandao tu wa ng'ambo unashika simu zetu, akaambiwa yeye ni Mkenya, hajui mambo ya mipaka.

Bila simu hatukuwa na ramani. Tukazunguka Riverside, tukapita mbele ya kinyozi mmoja mara nyingi hadi akaanza kutupungia mkono. Mwishowe tulimkuta Mama mdogo amesimama katikati ya barabara na kanga kichwani, amechoka kupiga simu zilizozimwa, ameamua kuwa yeye mwenyewe ndiye kibao.

Mama alishuka gari likiwa bado linatembea. Walishikana mikono kwa viwiko vile watu wetu wanavyosalimiana, wakaulizana habari za kila mtu mmoja mmoja, na za ng'ombe ambao hawapo tena, na wakaanza upya. Tulingoja. Salamu yao haikatwi. Sombe ilikuwa imeyeyuka, imelowesha taulo, na Mama mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akainusa, akageuka upande.

Usiku ule tulikunywa maziwa ya moto, tukala ugali. Niliona kitu kimoja, sikukielewa. Mama alikuwa anaeleza vile klipu itakavyokuwa, vitenge vya bluu, ngazi, Koko atakavyofurahi kuona jinsi nilivyokua. Mama mdogo alikuwa anakubali kwa kichwa, na anaendelea kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Hekalu la kwanza

Jumamosi asubuhi tukavaa vitenge. Mama mdogo akatuongoza mpaka kwenye bustani kubwa yenye ziwa dogo, na juu ya ziwa kulikuwa na jumba jeupe la marumaru. Nitawaeleza vizuri kwa sababu niliwahi kulieleza mara moja na nikajifunza. Mbele ni nguzo nene, zenye mifereji iliyochongwa kutoka juu hadi chini, kama kitambaa kilichokunjwa. Juu ya nguzo paa lenye pembe tatu. Chini ngazi pana zinazoshuka kuelekea maji, na maji yanalishika jumba lote kichwa chini.

Bibi harusi mmoja mzungu alikuwa anapigwa picha pale, gauni limejaa ngazi, na kina mama wetu hawakuweza kujizuia, wakampigia vigelegele. Alishtuka, kisha akainama kama malkia. Kevo akaingia katikati ya nguzo, akapiga makofi mara moja. Sauti ikarudi, mviringo, safi. Akasema hajawahi kupata mahali pa namna hii.

Papa Zakaria alikuwa ametulia mbele ya kibao. "Solange, soma. Inasema nini?"

Nikasoma. Nikamweleza vile nilivyoelewa: ni jumba la historia ya mji, na upande huu umejengwa kwa kuiga hekalu la Wagiriki wa kale, la kule Athene.

"Hekalu la nani?"

Hili tulisoma shuleni. Nikasema la mungu wao mmoja wa kike.

Ningeweza kusema sijui. Lakini aliuliza, na mimi nikiulizwa na mkubwa nasema ninachokijua, kwa sauti ndogo, basi. Papa Zakaria alirudi nyuma ngazi moja, halafu nyingine, mpaka akawa kwenye majani.

"Donc, mama yetu anaomba wimbo wa Mungu, sisi tukauimbie mlangoni kwa sanamu?"

Mama akasema kwa upole kwamba hata Paulo alifika Athene. Papa Zakaria akajibu Paulo hakwenda na kwaya. Tukapanda gari. Nitasema ukweli: moyo wangu ulitulia kidogo, kwa sababu bado sikuwa nimeanzisha.

Wanawake wa mawe, mnara, na ziwa

Ng'ambo ya bustani kuna jumba la picha, nalo ni la namna ileile ya Kigiriki, jeupe, refu. Pale nguzo nyingine si nguzo. Ni wanawake wa mawe, wamesimama wima, wamebeba paa kwa kichwa. Kina mama walishuka bila kungoja ruhusa. Mama aliwatazama shingo zao muda mrefu. Akasema wanabeba vizuri, lakini huyu wa mwisho hakuweka ngata, kichwa kitamuuma. Mama mdogo akasema wamebeba miaka yote hiyo bila mtu kuwasaidia kutua. Walicheka, wakasimama chini yao na mikono kiunoni, na Kevo akawapiga picha ambayo sasa iko kwenye friji yetu. Papa Zakaria hakushuka. Alisema yale ndiyo sanamu kabisa, yana hadi pua.

Tukaenda katikati ya mji, kwenye jumba la serikali ya mji, ambalo si la Kigiriki, ni mnara mkubwa wa rangi ya mchanga, juu umepambwa rangi kama kitenge. Papa Zakaria alilipenda. Lakini uwanjani kulikuwa na watu wanakimbia mbio za hisani, kipaza sauti kinataja majina yao mmoja mmoja, na kila jina lilikuwa linakata wimbo wetu kabla haujaanza. Mwanamke mmoja aliyemaliza mbio alitupa maji na ndizi, akidhani sisi ni kundi la kushangilia. Ndizi tena. Tukamshangilia basi, tungefanya nini.

Mwisho tukashuka ziwani. Ziwa Erie si ziwa la kuangalia upande wa pili, halina upande wa pili. Kuna maghala ya nafaka ya zamani, makubwa, ya kijivu, yamesimama kama watu wanaongoja basi. Kuna mnara wa taa. Hakuna sanamu. Papa Zakaria akasema hapa. Kevo akaweka kamera, akanisimamisha mbele, peke yangu, wengine nyuma.

Safu ya nyuma ilikuwa nyuma yangu. Sijawahi kuiona kutoka upande ule.

Nikaanza. Upepo ukala neno la kwanza. Nikaanza tena. Kevo akainua mkono.

"Aki, usiangalie chini. Lenzi iko hapa. Mwangalie hapa kama unaongea na yeye mwenyewe."

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu msichana hamkazii macho mtu mkubwa. Nikimsalimia Koko naangalia mikono yake. Namjua Koko kwa mikono, ningeweza kuichora. Sasa naambiwa nimtazame machoni, moja kwa moja, huku naimba wimbo wake. Nilijaribu. Macho yalishuka yenyewe. Nikajaribu tena, sauti ikapasuka. Mama akamwambia Kevo kwamba mtoto wetu hawezi kumkazia Koko macho, ataonekana hana adabu. Kevo akasema asipoangalia kamera ataonekana amelazimishwa. Papa Zakaria akaingia katikati. Kila mtu akawa anaongea juu ya macho yangu, na mimi nimesimama katikati nayo.

Mama mdogo akamshika mama mkono.

"Dada, muachane na macho. Mama yetu haone."

"Haone nini?"

"Haone. Jicho moja lilitangulia, ingine ikafuata. Mimi ndiye nilikuwa namushika mukono kwenda kanisani. Alinikataza nisikuambie. Alisema uko na kazi, uko na batoto, usibebe na hii."

Upepo ulikuwa unapiga vitenge vyetu. Mama alikwenda kwenye benchi, akakaa, akavua viatu vya kwaya, akaviweka pamoja vizuri kama yuko mlangoni kwa mtu.

"Na picha nilikuwa natuma? Zote zile?"

"Nilikuwa namuelezea. Anashika simu, ananiambia: elezea."

"Na sasa weye uko hapa. Nani anamuelezea?"

Mama mdogo alikaa naye kwenye benchi, bega kwa bega.

Mimi nilikuwa nawaza lile neno Koko alilotuma. Aliomba wimbo. Hakuomba picha. Klipu ilikuwa wazo letu.

Papa Zakaria alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. "Donc," alisema taratibu, "tangu asubuhi tunazunguka mji mzima kumtafutia mama kitu cha kuona."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mama ndiye aliyeanza, machozi yakiwa bado yanashuka, akacheka mpaka akamshika Mama mdogo asianguke, na Mama mdogo naye akacheka, na sisi.

Ngazi, tena

Kevo ndiye aliyesema. Kama ni sauti tu, ziwani hapafai, upepo ni mwingi. Mahali penye sauti nzuri tulishapaona asubuhi. Hakutaja jina. Sote tukamtazama Papa Zakaria.

Aliendesha hadi kwenye bustani. Akazima gari, akanigeukia. "Solange. Ingia ndani, uulize. Ndani kuna nini?"

Mimi. Peke yangu. Niliingia. Kwenye meza kulikuwa na mama mzee wa kizungu, miwani imefungwa kamba. Nilikuwa nimepanga swali vizuri lakini lilitoka uchi: nilimuuliza kama ndani kuna mungu yeyote.

Hakucheka. Alifikiri kabisa, kama nimemuuliza kuna choo ghorofa gani. Akasema hapana, hamna. Kuna vitu vya watu wa mji huu, na vya waliokuja kutoka mbali: masanduku yao, masufuria, kitanda cha mtoto, viatu. Akaniuliza na sisi tumetoka wapi. Nikasema Louisville. Nadhani alikuwa anauliza mbali zaidi, lakini alifurahi, akasema ana shemeji Kentucky. Nikamwomba tuimbe kwenye ngazi. Akasema ngazi hazijawahi kumkataa mtu, tusiwazibie njia wageni tu.

Nikarudi, nikasema yote kwa Papa Zakaria. Alisikiliza na kichwa kimeinama.

"Viatu vya wakimbizi," alisema.

"Ndiyo, Papa. Na masufuria."

"Bon. Basi hili si hekalu. Ni stoo ya wazee wao." Akavaa kofia, akaivua tena, akapanda ngazi ya kwanza.

Kevo aliishika kamera mkononi na kuielekeza kwenye nguzo, mbali na uso wangu. Mbele yangu aliweka kinasa sauti kidogo, kwenye ngazi, kinachotosha kiganja. Hakuna jicho lililokuwa linaniangalia, ila maji. Jua lilikuwa limelala upande. Mama alisimama nyuma yangu, bila viatu.

Nikaanza chini. Chini kabisa, pale Koko anapoanzia, hadi nikasikia mtu mmoja nyuma akisita akidhani nimekosea. "Tulitoka bila taa..." Marumaru ikaichukua ile sauti, ikanirudishia ikiwa imenenepa, kama si yangu peke yangu. Halafu wakaitikia wote, na mimi nikapanda, pumzi kwa pumzi, zile zile nilizozisikia gizani kwenye kitanda cha kambi. Sikumbuki niliangalia wapi. Nakumbuka mwishoni yule mama wa miwani alikuwa ametoka, amesimama kando ya nguzo, na Papa Zakaria alikuwa anampisha nafasi kwenye safu kana kwamba ni mwanakwaya aliyechelewa.

Tuliimba mara moja tu. Kevo akasema inatosha.

Highview, jikoni

Njia ya kurudi sina la kusema, nililala. Columbus Jeannine alikuja tena na fulana yake, akasikiliza kwenye simu ya Kevo, akaniambia "Niliwaambia," akarudi kazini. Mama alikuwa amemwachia Mama mdogo karai lote, na wakaagana kwa viwiko, mara nyingi.

Wimbo ulitumwa. Siku mbili tatu kimya, mtandao wa kambi ni hivyo. Kisha simu ikalia, mama akasikiliza, akasema ndiyo mama, ndiyo mama, mara akaninyooshea simu. Mnajua mimi na simu. Kaka yangu alikuwa anaangalia mpira, nikampa ishara apunguze sauti, na kwa mara ya kwanza maishani akapunguza.

"Solange," Koko alisema. "Umeanza chini."

"Ndiyo, Koko."

"Vizuri. Sasa, sauti yenu ilikuwa inarudi. Mulisimama wapi? Elezea."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ananiangalia tu, kisu mkononi, kitunguu nusu.

Basi nikaelezea. Nilimwambia nguzo ni nene, watu wawili wakikumbatia mikono haifiki, na zina mifereji kama kitambaa kilichokunjwa. Nilimwambia paa, na ngazi, na maji yaliyolishika jumba kichwa chini. Nilimwambia wale wanawake wa mawe na ngata ambayo mmoja hakuweka, akacheka sana huko Burundi. Akauliza ndani anakaa nani. Nikasema hakai mtu, kuna viatu na masufuria ya watu waliokuja zamani.



"Donc muliimbia mulangoni kwa wageni wenzenu," alisema. "Ni vizuri. Sasa anza tena, nikuitikie."

Nikaanza, pale pale kando ya jiko, chini. Halafu nikangoja. Sauti yake inachelewa, lazima ivuke bahari, na katikati hakuna kitu, kimya tu, kimya cha kumtisha mtu kama mimi. Nilingoja hadi ikafika.